Honi ya Februari

Kwa mara ya nne Arnetta Crume alimwambia Lindahl arudishe kanda nyuma.

"Kuanzia wapi?"

"Kabla hajaanza kuimba. Pale wanapoongea."

Peder Lindahl akabonyeza kitufe. Magurudumu mawili ya ile mashine ya zamani yakazunguka kinyumenyume, yakasimama. Lindahl alikuwa mtu wa Minnesota, mrefu, mwenye macho ya kukosa usingizi, na kazi yake ilikuwa kupita kwenye nyumba za marehemu kusini kote mwa Marekani akinunua kanda zilizosahaulika. Alizisafisha na kuzitoa upya. Waimbaji wa soul waliokufa wakiwa wapishi, wapiga blues walioishia kwenye mashamba ya wengine, watu wa country ambao wimbo wao mmoja ulipigwa kiangazi kimoja ukazimika, wote hao alikuwa akiwachimbua. Kanda hii aliikuta Tunstall, mji mdogo wa Mississippi, kwenye banda la mjane wa fundi mitambo wa studio, ndani ya boksi lililotafunwa na panya. Juu ya boksi paliandikwa neno moja tu kwa penseli: Velma.

Chumba cha moteli kilikuwa na joto la kifaa cha umeme kilichounguza vumbi. Nje mvua ilikuwa ikinyesha juu ya mashamba matupu. Arnetta aliinamisha kichwa karibu na spika.

Sauti ya mwanamume, kijana: "Tunasubiri nini?"

Kisha mwanamke: "Tunakusubiri wewe uteme hiyo tumbaku, Doyle. Kipaza sauti kinasikia unavyotafuna."

Mtu akacheka. Gitaa likaanza, taratibu, halafu Velma Gaddis akaimba. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne na sauti nzito yenye mkwaruzo kidogo pembeni, sauti ya mtu aliyekwisha kulia yote sasa anasimulia tu. Aliimba juu ya taa ya mama yake iliyozimika dirishani. Ubeti wa kwanza, wa pili. Katikati ya wa tatu, nyuma ya sauti yake, kitu kingine kikaanza kulia. Kilikuwa mbali na chembamba, na hakikukatika. Velma akaendelea maneno matano au sita zaidi, kisha akanyamaza.

"Hiyo ni nini?" akauliza.

Kanda ikaishia hapo.

"Mimi nilidhani treni," Lindahl alisema. "Reli ilipita karibu na studio. Nimeangalia ramani ya zamani."

"Treni inalia, inanyamaza, inalia tena ikifika njia panda. Hii umeisikia ikinyamaza?"

"Hapana."

"Haya. Nipe nakala kwenye simu yangu, na hiyo kanda yenyewe ifungie mahali. Asiiguse mtu."

"Bi Crume, umesikia nini?"

Arnetta alivaa koti. Mwaka alipotoweka Velma, Arnetta alikuwa mtoto wa miaka kumi, hapahapa Tunstall, na alijua amesikia nini. Lakini alikuwa amefanya upelelezi ofisi ya sherifu mpaka akastaafu, na huko alijifunza kwamba anachokumbuka mtoto wa miaka kumi hakisimami mbele ya hakimu hata dakika moja.

Alikaa ndani ya gari, mvua ikipiga paa, akampigia mteja wake.

Earlean Gaddis alikuwa dada mkubwa wa Velma. Kwa karibu miaka hamsini alikuwa ameishi na maelezo ya mtu mmoja: Doyle Stegall, mpiga gitaa wa studio, aliyesema alimpeleka Velma stendi ya basi siku ya Ijumaa, kwenda Chicago kutafuta maisha. Jumapili yake, mwezi Februari, kimbunga kikapita Tunstall kikalaza nusu ya mji. Velma hakuandika, hakupiga simu. Kiangazi Earlean alikwenda kwa sherifu wa enzi hizo, akaambiwa arudi nyumbani, wasichana waimbaji wakifika Chicago husahau kwao. Kisha mwaka huu mjukuu wake akamchezea wimbo mwingine wa Velma alioutoa Lindahl, na yule mama akaisikia sauti ya mdogo wake ikitoka kwenye simu. Wiki hiyohiyo alimtafuta Arnetta.

Na Arnetta alianza kwa kukosea. Alikwenda Chicago, akapoteza siku nyingi akimfuata Velma Gaddis mmoja aliyewahi kuimba kwaya ya kanisa upande wa kusini. Alimpata, yu hai, mzaliwa wa Arkansas, mkali kama pilipili, hakuwahi kukanyaga Mississippi na hakuwa na mpango wa kuikanyaga.

"Bi Earlean, ni Arnetta."

"Umeshakula?"

"Nimekula. Ule wimbo wa taa, Velma aliutunga lini?"

"Baada ya kumzika Mama. Mama tulimzika Januari, ardhi imeganda, ilibidi wawashe moto pale ndipo wachimbe. Velma alikuja kwangu Jumapili iliyofuata, akauimba hapa jikoni anaosha vyombo. Nikamwambia acha, unaniliza."

"Januari ya mwaka upi?"

"Sabini na moja. Mwaka wa kimbunga. Kwa nini?"

"Ulishawahi kuusikia tena?"

"Mwaka uliofuata, redioni. Doyle Stegall anauimba kwa sauti ya puani, anamlilia mama yake. Mama yake nilimjua. Tulikutana naye dukani wiki ileile, ananunua unga."

Arnetta alishukuru, akakata simu, akaendesha mpaka kiwanda cha kuchambua pamba upande wa mashariki wa mji.

Mwenye kiwanda, Purvis Tackett, alikuwa mzee mweupe wa miaka themanini na ushee, bado anakuja ofisini kila asubuhi kuwasumbua wanawe. Alimkaribisha Arnetta kiti, akamwagia kahawa bila kuuliza kama anataka.

"Zamani mlikuwa na honi, Bwana Tackett."

"Tulikuwa nayo. Asubuhi, mchana, jioni. Ukikosea saa, ni mkeo aliyekuchelewesha, siyo sisi."

"Msimu ulikwisha lini, enzi hizo?"

"Krismasi haikutukuta tukifanya kazi. Tukishafunga, honi hailii mpaka Septemba."

"Hailii kabisa? Hata kujaribiwa?"

"Nani aijaribu? Hata mashine ya kuipa upepo tuliing'oa." Tackett alikunja uso. "Isipokuwa mara moja, na hiyo unaijua wewe mwenyewe. Wewe ni mtoto wa Crume, siyo? Baba yako alikuwa fundi magari."

"Nataka uniambie wewe."

Mzee aliweka kikombe chini. "Mwaka huo hatukuing'oa; mvua ilichelewesha pamba, tukafunga kwa haraka mkesha wa Krismasi. Mlinzi alikuwa Obie Fant. Jumapili mchana alikiona kimbunga kinakuja kutoka upande wa mtoni. Akavuta kamba ya honi, akaifunga kwenye nguzo ili ilie yenyewe. Watu wangapi waliingia chini ya nyumba kwa sababu ya honi ile sijui. Obie mwenyewe tulimkuta asubuhi, kule kwenye mtaro."

Arnetta alitoa simu, akaiweka mezani, akachezesha sekunde chache za mwisho za kanda. Tackett alisikiliza akiwa amekaza taya.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Zima."

"Utasema hivyo mbele ya hakimu?"

"Nimesema zima, bibie. Ndiyo, nitasema."

Doyle Stegall aliishi kwenye nyumba ya matofali nje ya mji, yenye mbwa wawili wa kuwinda na ukuta mzima wa picha zake akiwa na gitaa. Alikuwa na miaka sabini na minne, mweupe, mwembamba, nywele zimelazwa kwa mafuta, shavu moja limevimba tumbaku. Alimfungulia Arnetta mlango kwa bashasha.

"Yule jamaa wa Minnesota ndiye kakutuma? Aliniambia atazitoa upya nyimbo zangu. Ingia, ingia. Karanga za pekani hizo, kula."

"Ahsante. Naweka hii hapa inase, Bwana Stegall. Umri huu nikitoka mlangoni nimesahau nusu."

"Weka tu. Mimi sina siri."

Arnetta aliwasha kinasa sauti, akakiweka kando ya bakuli. Alianza mbali. Studio ilikuwaje, nani alipiga ngoma, mitambo ilitoka wapi. Stegall alieleza vizuri, kwa raha, akichekesha. Jengo lilikuwa ghala la mbegu za pamba, ukuta mmoja wa mabati, wakitundika magodoro kuzuia kelele. Weupe na weusi walipiga pamoja humo ndani, nje kila mtu na mlango wake.

"Na Velma Gaddis?"

"Maskini Velma. Sauti ile, kama angekuwa na subira." Akatema kwenye kopo. "Nilimpeleka mwenyewe stendi. Ijumaa, mvua inanyesha. Sanduku la bluu. Akanipungia mkono dirishani. Nimeyasema haya mara mia."

"Hakurudi tena studio baada ya hapo."

"Angerudije? Yuko Chicago."

"Hukumwona Jumamosi wala Jumapili."

"Bibie, mtu akipanda basi Ijumaa, Jumapili humwoni."

"Kweli." Arnetta aliokota pekani moja, hakuila. "Na wimbo wako, ule wa taa. Watu bado wanaupenda. Uliutunga lini?"

"Mwaka uliofuata. Niliamka asubuhi moja, huo hapo, mzima mzima. Nyimbo nzuri huja hivyo."

"Velma hakuwahi kuuimba."

"Kwa vipi? Haukuwepo."

"Ulimtungia mama yako."

"Mama yangu, Mungu amrehemu."

"Alifariki lini?"

Stegall alitazama kinasa sauti, kisha akamtazama Arnetta. Taya lake likaacha kutafuna.

"Themanini na kitu," alisema.

Arnetta alitoa simu, akachezesha kanda kutoka mwanzo. Tunasubiri nini. Tunakusubiri wewe uteme hiyo tumbaku, Doyle. Mzee alikaa bila kujikuna wala kupepesa macho. Velma alipoanza kuimba, mbwa mmoja aliinua kichwa. Wimbo ukaenda, honi ikaingia, Velma akauliza hiyo ni nini, kanda ikaisha.

"Umeitoa wapi?" Stegall aliuliza kwa sauti ndogo.

"Bandani kwa fundi wenu. Inaonekana mlipokimbia aliitoa kwenye mashine akaondoka nayo. Huenda hata yeye hakujua ana nini, wala hakuna aliyewahi kumuuliza. Unaijua hiyo honi?"

"Treni."

"Bwana Tackett ameshaisikiliza. Siyo treni. Wimbo ulitungwa Januari, kiwanda kilikuwa kimefungwa, na honi yake ililia mara moja tu majira yale ya baridi. Jumapili, kimbunga kinaingia. Kwa hiyo siku hiyo Velma alikuwa studio, na wewe ulikuwa umekaa mbele yake na gitaa."

Nje mvua ilikuwa imepungua. Stegall alitoa kitambaa, akafuta midomo, akakunja kitambaa vizuri, akakirudisha mfukoni.

"Ukuta ulianguka," alisema. "Ule wa mabati. Fundi alikwishakimbia. Paa likaondoka, ukuta ukaja. Nilipoamka yeye alikuwa amekwisha. Ni kimbunga, bibie. Watu wengi walikufa siku ile."

"Ukamfanya nini?"

"Nilimtoa. Asubuhi walikuwa wanawakusanya maiti, nikamlaza pamoja nao. Hata kanisa lisingemtendea vizuri zaidi."

"Ukawaambia wanaokusanya kuwa ni nani?"

Stegall akatema kwenye kopo.

"Ukaenda kwa dada yake Jumatatu, maili kumi na mbili kwenye matope, ukamwambia umempeleka stendi Ijumaa."

"Nilichanganyikiwa."

"Mtu aliyechanganyikiwa husema sijui. Wewe ulichagua siku." Arnetta hakupandisha sauti. "Kama ukuta ndio uliomuua, ungesema ukuta, mngelia pamoja. Jumatatu ile mji mzima ulikuwa unatafuta watu wake. Kila aliyekosa mtu alikwenda kuinua shuka. Mtu mmoja tu ndiye asingetafutwa chini ya shuka, na huyo ni aliyekuwa ameshaondoka siku mbili kabla. Hukutaka aonekane, Bwana Stegall. Kwa sababu gani? Wangeona nini mwilini mwake?"

Mzee aligeuza uso kwenye picha zake. Akasema kama anayezungumza na mmoja wa wale waliomo ukutani:

"Alikuwa mbishi. Nilimwambia niuimbe mimi, jina lake litakuwepo pembeni. Akasema ni mama yake, siyo wangu. Wimbo kama ule ungefika wapi mikononi mwake? Niambie. Ungefika wapi?"

Kinasa sauti kilikuwa kikiendelea.

Kisha Stegall akaonekana kugundua alichosema. Akasimama, akashika kiti. "Nitazungumza na wakili wangu. Na wewe utoke."

Mpelelezi wa sasa wa ofisi ya sherifu, mtu wa makamo aitwaye Renfroe ambaye Arnetta ndiye aliyemfundisha kazi, alisikiliza yote mara mbili akiwa amefunga mlango. Kisha wakashuka pamoja kwenye masijala ya mahakama. Haikuwachukua muda. Maiti wa kimbunga waliotoka upande wa weusi walilazwa kwenye ukumbi wa mazoezi wa shule, ndugu wakaja, wakawatambua, wakawachukua. Wote isipokuwa mmoja. Mwanamke mweusi, umri yapata ishirini na tano, uso umeharibika, hakutambuliwa. Kaunti ilimzika pembezoni mwa makaburi ya mjini. Daktari aliyeandika aliongeza mstari mmoja ambao hakuna aliyeuliza habari zake kwa karibu miaka hamsini: fuvu limevunjika kisogoni, jeraha dogo la mviringo.

"Huyu alipigwa na kitu. Bati haliachi jeraha la mviringo," Renfroe alisema.

"Haliachi."

"Hakimu atasaini tufukue. Ila nitataka vinasaba vya ndugu, wasije wakasema tumemfukua mtu mwingine. Nitume afisa?"

"Hapana. Nipe kifaa cha kuchukulia sampuli. Nitakwenda mimi."

Earlean Gaddis alikuwa jikoni, mkate wa mahindi ukiokwa. Alikuwa na miaka themanini na moja na bado alivaa aproni iliyopigwa pasi. Alimtazama Arnetta usoni, akazima jiko, akakaa.

"Sema, mwanangu. Nimesubiri sana, usinizungushe."

Arnetta alimwambia, bila kuzungusha. Kanda, honi, siku, Stegall, jeraha. Earlean alisikiliza mikono ikiwa mezani. Arnetta alipofika kwenye ukumbi wa shule, yule mama akainua kiganja.

"Ngoja. Maiti waliwekwa ukumbi wa shule?"

"Ndiyo."

"Nilikuwepo."

Arnetta alivuta kiti, akakaa karibu naye.

"Jumanne. Nilikwenda kumtafuta Mjomba Lige. Walikuwa wamewalaza chini, safu mbili, shuka nyeupe, wengine mablanketi. Unainua, unatazama, unafunika, unakwenda kwa mwingine. Nilimpata mjomba upande wa kushoto, mapema. Kwa hiyo sikuinua zilizobaki." Alinyoosha aproni magotini. "Wakati wa kutoka palikuwa na mmoja karibu na mlango. Shuka yake fupi, miguu nje, matope matupu, hata rangi huoni. Mwanamke aliyekuwa anasimamia akaniuliza, huyu siye wako? Nikasema hapana. Sisi wetu mwingine yuko Chicago, ameokoka na hii balaa. Nilisema hivyo. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, pale pale."

Maji yalikuwa yakidondoka kwenye sinki.

"Halafu nikamwonea huruma," Earlean alisema. "Nikainama nikavuta shuka chini, nikamfunika miguu. Ikatoka kichwani, nywele zikaonekana. Nikairudisha juu. Shuka haikutosha, Arnetta. Ukifunika huku, kule panabaki wazi. Mwishowe nikavua kitambaa changu cha kichwa nikamfunga miguuni, nikaenda zangu."

Hakulia. Alikuwa akiitazama mikono yake kama mikono ya kuazima.

"Na hicho ulichoshika ni cha nini?"

"Kupima kama ni yeye, Bi Earlean. Ni pamba tu, napitisha ndani ya shavu. Haiumi. Kama hutaki leo, nitarudi."

"Siku gani nyingine nitataka?"

Alivua miwani, akaiweka mezani, akainua uso kuelekea mwanga wa dirisha na kufungua kinywa.